Mkono wa Nyuma Urefushwe?

Karurumo iko Kyeni Kusini, eneo bunge la Runyenjes, kaunti ya Embu. Ukipanda kutoka hapo unakuta chai ya Rukuriri. Ukiteremka unaingia Mbeere kwa watu wa muguka, ndengu na maembe. Katikati ni kahawa. Mazao ya vijia ambavyo lori halipiti hubebwa na bodaboda, na mzigo wa kupandisha mlima ndio huleta maneno. Gunia likifungwa nyuma kabisa kwenye kariya, na mlima ukawa mkali, gurudumu la mbele huwa jepesi. Unakata usukani, usukani unakubali, pikipiki inakataa.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea VAT pikipiki za injini isiyozidi cc 250. Zikaja kwa wingi, nyingi zikiwa Boxer za Bajaj na TVS kutoka India, pikipiki za kubeba watu wawili na kimfuko. Huku zilipewa kazi ya punda na ya matatu kwa pamoja, na pengo lililobaki likaachiwa mafundi wa jua kali na mashine zao za kuchomelea: kariya pana zaidi, vyuma vya kuitia fremu nguvu, springi za ziada. Sasa kunazungumzwa jambo kubwa kuliko hayo. Watu wanataka kuurefusha mkono wa nyuma, ile foki ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka pamoja nalo, na kubadilisha shokapu zinazoubeba.

Wazo limetoka mbali. Kwenye simu za vijana wa steji ya bodaboda huzunguka video za kwodi, zile pikipiki za spoti za magurudumu manne, zikipanda mchanga wa Moreeb huko Liwa, Abu Dhabi, kilima cha mchanga chenye urefu wa karibu mita 300. Kwodi hizo huwa zimerefushwa nyuma, na ndiyo sababu hazipinduki zinapopanda. Mtu wa Karurumo akitazama picha hiyo hawazi michezo. Anawaza mlima wake na gunia lake.

Nimezikusanya sauti sita. Sikuzipa majina kwa kuwa ni watu wa kubuni, ila hoja zao ndizo zinazosikika penye kivuli cha gereji yoyote ya kando ya barabara. Na mimi nimejipa ruhusa ya kukatiza.

MWENDESHAJI: Sitaki maneno mengi. Nikitoka Ishiara na gunia la ndengu la kilo 90 na abiria mbele yake, mlima unanitesa. Nainamia tangi hadi kidevu kinakaribia saa ya spidi, na bado tairi la mbele linarukaruka kama halijui kama liko barabarani. Injini inao uwezo. Kinachonishinda ni kwamba uzito wote umehamia nyuma. Kwa hiyo namwambia fundi, nisogezee hilo gurudumu la nyuma kidogo, sentimita 10 tu, lije chini ya gunia. Kwani ni dhambi?

FUNDI: Si dhambi, na kazi yenyewe inafanyika. Mkono wa Boxer ni paipu mbili za chuma. Nakata, naingiza paipu nyembamba ndani ili kiungo kisitegemee weldi peke yake, nachomelea kuzunguka, kisha napiga kipande cha bati nene ubavuni. Cheni naongeza. Fimbo ya breki ya nyuma naongeza. Baada ya hapo ni uzi.

Niwaeleze habari ya uzi, maana nimeona mafundi wawili wakiutumia na wa tatu akiuruka. Unafunga uzi nyuma ya tairi la nyuma, unauvuta ubavuni hadi mbele, upande wa kushoto na wa kulia. Uzi ukigusa tairi la nyuma mahali pawili, upande wake wa nyuma na upande wake wa mbele, halafu nafasi iliyobaki kati ya uzi na tairi la mbele ikawa sawa pande zote, magurudumu yamefuatana. Upande mmoja wa mkono ukizidi mwingine kwa upana wa kucha, uzi utakwambia. Pikipiki iliyotoka kwenye weldi bila kupitia uzi hutembea kama kaa, na mwenyewe atalaumu tairi mpaka alimalize.

MWALIMU: Fundi, cheni utaongeza kiasi gani?

FUNDI: Mara mbili ya nilichoongeza kwenye mkono, mwalimu, kwa sababu cheni inaenda na kurudi. Sentimita 10 za mkono ni sentimita 20 za cheni. Pingili moja ya cheni ya 428 ni milimita 12.7. Fanya pingili 16.

MWALIMU: Na cheni ndefu hulegea haraka.

FUNDI: Inapiga mkono, ndiyo. Inataka kukazwa mara nyingi zaidi. Hilo namwambia mteja, yeye ndiye hasikii.

MTOKA DUBAI: Mimi nimefanya kazi kwenye karakana ya kwodi kule, na mnaniruhusu niseme kitu kabla hamjakata chuma cha mtu. Hizo mnazoziona kwenye simu, nyingi ni Banshee. Yamaha walianza kuziuza Marekani mwaka 1987 na wakaziacha huko 2006, lakini watu wa mchanga hawakuziacha. Silinda mbili, injini ya kuchanganya mafuta na oili, kishindo chake unakisikia tumboni. Ukiifungulia kwenye mchanga inanyanyua mdomo, inarudi juu yako. Basi wanaurefusha mkono wa nyuma, inchi 4, inchi 6, wengine hata 10, ili nguvu iende mbele badala ya kwenda juu. Hapo ninakubaliana na kijana: kisa ni kilekile, mdomo mwepesi.

Lakini mkono wenyewe haukatwi na kuungwa na mtu anayejali maisha yake. Unanunuliwa mzima, umetengenezwa kwa urefu huo. Na hakuna anayefunga mkono mrefu na kuiacha shokapu ya kiwandani. Shokapu inafunguliwa, springi inabadilishwa, vali za ndani zinapangwa upya kwa uzito wa mwendeshaji huyo. Pia hao ni watu wa mstari ulionyooka. Anapanda kilima, anashuka, basi. Wale wa motokrosi, wanaoruka na kukata kona, hawataki mkono mrefu hata bure, kwa sababu unaifanya kwodi iwe nzito kugeuka. Na mwisho, mwendeshaji yuko peke yake. Sijawahi kuona mtu akipanda Moreeb na gunia la ndengu.

MWENDESHAJI: Wewe ulikuwa kwa matajiri.

MTOKA DUBAI: Nilikuwa kwa matajiri, ndiyo, na mikono ilikuwa inavunjika hata kwao.

Hapa ndipo mwalimu wa fizikia wa shule moja ya upili ya huku alipoomba karatasi. Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Mjadala wa namna hii huharibika pale ambapo kila mtu ana maoni na hakuna mwenye kipimo.

MWALIMU: Nianze kwa kumpa kijana haki yake. Boxer ina kama sentimita 128 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tuseme gunia ni kilo 100 na katikati yake iko sentimita 20 nyuma ya ekseli. Gunia hilo haliishii kuikandamiza ekseli ya nyuma, linanyanyua pia mbele: 100 mara 20, gawanya kwa 128, linaondoa kilo 15 na nusu kwenye gurudumu la mbele. Sasa msogezee ekseli sentimita 10. Gunia limebaki sentimita 10 nyuma, na urefu wa pikipiki umekuwa 138. Linanyanyua kilo 7 tu. Umerudisha zaidi ya kilo 8 mbele bila kupunguza hata punje ya ndengu. Ukijumlisha na uzito wa pikipiki na mwendeshaji, ambao nao uko mbali zaidi na ekseli mpya, faida inafika kama kilo 16.

MWENDESHAJI: Mmesikia? Mwalimu amesema.

MWALIMU: Mwalimu hajamaliza. Shokapu imefungwa wapi?

FUNDI: Karibu na ekseli. Sentimita 5 mbele yake, hivi.

MWALIMU: Na mkono wote una urefu gani, kutoka kwenye bushi, pale unapofungwa kwenye fremu, hadi ekseli?

FUNDI: Weka 50.

MWALIMU: Basi shokapu iko sentimita 45 kutoka kwenye bushi, na ekseli iko 50. Kilo 100 zikilala kwenye ekseli, shokapu inazihisi kama 111. Ukiurefusha mkono hadi 60 na shokapu ukaiacha palepale, kilo 100 zilezile inazihisi kama 133. Hiyo ni nusu ya habari. Gurudumu nalo sasa linatembea zaidi kwa kila sentimita ambayo shokapu inabanwa. Mambo mawili yanazidishana: 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Kama nyuma ilikuwa ikizama sentimita 5 kwa uzito fulani, sasa kwa uzito huohuo itazama 7 na zaidi.

FUNDI: Mwalimu, ngoja. Wewe mwenyewe umesema kilo 16 zimehamia mbele. Kwa hiyo uzito wa nyuma si huohuo tena.

MWALIMU: Umenikamata, fundi. Nyuma kulikuwa na kama kilo 217, sasa ni 201. Basi badala ya 7.2 tuandike 6.7. Bado nyuma inazama karibu sentimita 2 zaidi, na Boxer haina mwendo wa kuchezea. Kila shimo utalipiga hadi mwisho, chuma kwa chuma. Na nyuma ikizama, pua inainuka. Ulichokitafuta kwa kurefusha, sehemu yake unaipoteza kwa kuzama.

Nilipenda hapo fundi alipomkamata mwalimu. Mjadala wa gereji una adabu yake: mwenye karatasi hapewi nafasi ya kumaliza kama hajajibu swali la mwenye spana.

MWENDESHAJI: Si nitakaza springi? Ile pete ya chini ina meno. Nitaipeleka jino la mwisho.

FUNDI: Kila mtu wa steji hii yuko kwenye jino la mwisho, na bado wanazama.

MWALIMU: Kwa sababu kuikaza springi hakuifanyi iwe ngumu. Kunaiinua tu. Ile pete inaibana kabla ya mzigo, kwa hiyo pikipiki inasimama juu zaidi, lakini kila sentimita inayofuata inadai nguvu ileile ya jana. Ukitaka ugumu, badilisha springi yenyewe. Na hapa kuna jambo zuri: ugumu wa springi unafuata kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 7 ukiugeuza kuwa wa milimita 7.7, mengine yote yakiwa sawa, umeziba pengo lote la 1.44. Jicho halioni tofauti hiyo. Kalipa ya vanya ndiyo itakayokuonyesha dukani, si maneno ya muuzaji.

FUNDI: Mimi ningehamisha shokapu. Naisogeza nyuma sentimita 10 pamoja na ekseli. Hesabu yako ya 1.44 imekwisha.

MWALIMU: Imepungua, haijaisha. Juu umeifunga wapi?

FUNDI: Palepale kwenye fremu.

MWALIMU: Basi itakuwa imelala. Shokapu iliyolala inabeba kidogo kuliko iliyosimama, na itabidi iwe ndefu zaidi ili ifike. Ukitaka ibaki imesimama, uhamishe pia kishikio cha juu, na hapo umeanza kuichomelea fremu yenyewe.

FUNDI: Fremu siigusi.

Nisimame kwenye neno hilo. Fundi mzuri hujulikana kwa anachokataa kukichomelea. Joto la weldi haliishii kwenye mstari wa weldi. Chuma cha jirani nacho hubadilika, na mara nyingi ufa huanzia pembeni, kando ya mshono, mahali ambapo kila mtu anapaona pazima. Mkono ukipasuka, unaweza kuupata mwingine. Fremu ina namba, na namba hiyo iko kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani.

Na springi zisiwafanye watu wasahau oili. Springi inabeba; oili iliyo ndani ya bomba ndiyo inayoizuia springi isikurushe. Kipimo chake hakihitaji karatasi. Kandamiza kiti kwa mikono miwili, kwa uzito wako wote, kisha achia ghafla. Kikipanda mara moja na kutulia, shokapu ni hai. Kikicheza mara tatu, imekufa, na ukiinama utaona sababu: pete nyeusi ya vumbi lililoloa oili kwenye fimbo ya shokapu, karibu na sili. Nimezunguka steji moja nikikandamiza viti vya watu kwa ruhusa yao, na sitasema ngapi zilicheza, ila vicheko vilikuwa vingi. Ukiongeza springi ngumu juu ya shokapu iliyokufa, umetengeneza manati.

MTOKA DUBAI: Hilo ndilo nililotaka kulisema. Kuna watu wanaongeza shokapu mbili kando ya zile mbili, zinakuwa nne. Nyuma inakuwa ngumu kama meza. Ukiwa na gunia, sawa. Ukirudi bila mzigo, tairi haligusi barabara, linadunda tu. Na breki ya tairi linalodunda haifanyi kazi.

MWUGUZI: Mimi niwaulize mnaopima springi: nani anapima taa? Sisi huwapokea usiku. Pikipiki imezama nyuma, pua imeinuka, taa inamulika miti. Mwendeshaji haoni shimo lililo mbele yake, na dereva wa gari linalokuja anapigwa na mwanga machoni. Wote wawili wanapofuka kwa springi moja iliyochoka. Hilo halijaandikwa kwenye karatasi ya mwalimu.

MWALIMU: Kweli, sista, halijaandikwa.

MWUGUZI: Na abiria je? Mwendeshaji ana usukani wa kushika, anajua shimo linakuja, ananyanyuka kidogo. Abiria amekaa kama mzigo, shimo linampata mgongoni bila taarifa. Mama mjamzito anakuja kliniki kwa pikipiki hizohizo. Mnapojadili sentimita, mjadili na mgongo wake.

MWENDESHAJI: Sista, abiria wangu hawajawahi kulalamika.

MWUGUZI: Wanalalamikia kwangu.

Sheria nayo ina neno, ingawa huku mtu akiitaja sheria watu husikia jina la askari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamruhusu mwendeshaji wa pikipiki kubeba abiria mmoja tu, na inakataza chombo kilicho katika hali ya kuhatarisha watu kuwa barabarani. Mkono uliokatwa na kuungwa kando ya barabara una kazi ngumu ya kujitetea mbele ya kipengele hicho, hasa baada ya ajali, pale mkaguzi anapolala chini ya pikipiki na kuikuta weldi. Kampuni ya bima nayo hailali usingizi. Sisemi kila aliyechomelea ni mhalifu. Nasema siku mambo yakiharibika, weldi itaulizwa kabla ya shimo, na anayeulizwa kuhusu weldi ni fundi.

Kufikia hapo mjadala ulikuwa wa wanaume wa spana na mwalimu wao, ukiondoa mwuguzi. Mwenye gunia alikuwa hajasema.

MAMA WA NDENGU: Mmemaliza? Basi nami niulize. Kwa nini gunia langu liko nyuma ya gurudumu?

MWENDESHAJI: Kwa sababu kariya iko nyuma, mama.

MAMA WA NDENGU: Na kile kiti kirefu?

MWENDESHAJI: Pale umekaa wewe.

MAMA WA NDENGU: Nimekaa mimi. Na nimekaa kwa sababu gunia langu haliendi sokoni peke yake. Siku moja nililitanguliza, lilifika limepungua na hakuna aliyejua limepunguziwa wapi. Kwa hiyo mimi huenda na mali yangu. Lakini kama ningeshuka, gunia lingekaa kwenye kiti, si kweli?

MWALIMU: Lingekaa mbele ya ekseli, mama. Tairi la mbele lingepata uzito badala ya kupoteza.

MAMA WA NDENGU: Bila kukata chuma?

MWALIMU: Bila kukata chuma.

Huyu mama ndiye aliyelifikia jambo lenyewe, na baada ya kumsikiliza mimi nina upande. Mkono mrefu unatakiwa kwa sababu kiti kimoja kimeuzwa mara mbili, kwa mtu na kwa mzigo, na mzigo ukasukumwa hadi mahali ambapo waliochora pikipiki hawakukusudia ukae. Kwenye Moreeb mdomo unanyanyuliwa na nguvu ya injini, na dawa yake ni mkono mrefu kweli, maana injini huwezi kuihamisha. Karurumo mdomo unanyanyuliwa na gunia, na gunia lina miguu: unaweza kulisogeza. Atakayeisogeza ekseli kabla ya kulisogeza gunia ameanza mwisho.

Hata hivyo sitajifanya kwamba hilo linamaliza neno. Mama akishuka, nani atampeleka? Atachukua bodaboda ya pili, na safari moja imekuwa ya nauli mbili. Ndengu hazina faida ya kulipia pikipiki mbili. Kwenye muguka ni vigumu zaidi, kwa sababu majani hayo ya kutafuna yanauzwa yakiwa mabichi na muda ndio bei. Mei 2024, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikaufungia milango, watu wa Mbeere waliona jinsi mnyororo huo ulivyo mwembamba. Mzigo wa namna hiyo hausubiri mtu apange upya kiti. Mwenye muguka atataka kila kitu kwa safari moja, na atampata kijana wa kukubali.

FUNDI: Niseme ninachoweza kukifanya leo, halafu mkosoe. Kariya hii imefungwa nyuma sana. Gereji ile nyingine iliyoitengeneza iliacha nafasi ya watu wawili mbele yake. Naikata, naisogeza mbele sentimita 12, naishusha pia, maana gunia lililo juu linavuta nyuma zaidi mkiwa mlimani. Abiria anabaki na nafasi ya mtu mmoja, kama sheria inavyotaka.

MWALIMU: Kwa gunia lenyewe, sentimita 12 za kariya ni nzuri kuliko 10 za mkono. Gunia linabaki sentimita 8 nyuma ya ekseli, na mkono, shokapu, cheni, breki, vyote viko kama vilivyotoka kiwandani.

FUNDI: Shokapu naweka mpya, mbili tu, zenye springi nene na oili ndani. Taa naishusha mzigo ukiwa umepakiwa, si pikipiki ikiwa tupu. Hilo nitalifanya bure kwa ajili ya sista.

MWENDESHAJI: Na mkono?

FUNDI: Mkono tunauacha.

MWENDESHAJI: Fundi, mimi nabeba pia mbao. Mbao huwezi kuisogeza mbele, itaniingia mgongoni.

Hoja ya mbao ni nzito na sikuwa nimeifikiria. Mzigo mrefu hauna mahali pengine pa kukaa ila nyuma, na kwa mtu anayebeba mbao na paipu za maji kila siku, bila abiria, mkono mrefu una mantiki ambayo hesabu ya kariya haiifuti. Mtoka Dubai alitikisa kichwa hata kwa hilo.

MTOKA DUBAI: Mbao zibebwe na tuktuk ya mizigo. Ina magurudumu matatu na sanduku.

MWENDESHAJI: Tuktuk itapita kwenye kile kijia cha kahawa cha kwa mzee?

MTOKA DUBAI: Haipiti.

MWENDESHAJI: Basi.

FUNDI: Kijana wangu, nisikilize. Siku ukiwa wa mbao tu, bila abiria hata mmoja, niletee mkono wa pili wa kununua kwenye skrapu, ulionyooka. Huo nitaukata. Nitahamisha na kishikio cha shokapu, nitaupitisha kwenye uzi mbele yako. Mkono wa kampuni utaufunga kwenye gunia na kuuweka kwako, ili siku unapotaka kurudia abiria uufunge tena. Bolti ya bushi ni moja. Kazi ya nusu saa.

MWUGUZI: Na ukiwa umefunga mkono wa mbao, ukanikuta njiani usiku, nikakupungia mkono?

MWENDESHAJI: Nitasimama, sista. Nitakwambia nabeba mbao.

MAMA WA NDENGU: Nyinyi mmefika kwenye mbao, mimi nina ndengu. Kariya inasogezwa lini, na baada ya kusogezwa nauli inabaki ileile?

MWENDESHAJI: Mama, shokapu mpya si za bure.

MAMA WA NDENGU: Mgongo wangu nao si wa bure. Ukipandisha nauli, nipunguzie ya gunia.

MWENDESHAJI: Ya gunia haipungui. Gunia ndilo lililoleta mjadala wote huu.

MAMA WA NDENGU: Basi nipunguzie yangu.

Fundi alikuwa ameshachukua spana na anafungua kariya.